Jina Lililoandikwa kwa Penseli

Kibaha,
9 Juni 2024

Shangazi Kidawa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani unamenya mihogo, na lile goti la kushoto limepunguza ukorofi. Huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo lakini anaenda kazini Dar kila siku. Anaondoka alfajiri, anarudi giza limeshaingia, anakula akitazama taarifa ya habari, analala. Mimi nimerudi kutoka bweni wiki mbili sasa. Kidato cha sita kimekwisha.

Nakuandikia kwa sababu wewe kwenye simu husikii, na mimi kwenye simu siongei. Baba anasema sisi wawili tukipigiana tunalipia ukimya. Barua nitampa Twalibu akileta mihogo yake soko la Maili Moja.

Mchana nyumba hii inatulia mpaka nasikia friji ikiwaka na kuzima. Juzi ilifika jioni nikagundua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimesema neno moja tu, "hatununui", kwa mama wa mboga aliyegonga geti. Na mboga nilikuwa nazihitaji.

Shangazi, nina jambo. Nataka kusoma historia chuo kikuu. Baba anataka nisome ugavi na usafirishaji, kwa sababu ya bandari kavu ya Kwala. Anasema pale kazi zitakuwepo mpaka wajukuu zangu wastaafu. Nilipomwambia historia, aliweka kijiko chini. "Historia utaifanyia kazi wapi? Makumbusho? Pale wanaajiri mtu mmoja, tena mpaka mwingine afe." Mimi majibu hunijia kesho yake. Kisha akasema, "Basi, dada akisema sawa, mimi sina neno. Yeye ndiye aliyenilea."

Kwa hiyo naomba umwambie ni sawa.

Unakumbuka Desemba uliponipa kazi ya kunakili daftari la marehemu wetu, kwa sababu la zamani lilikuwa linaliwa na mchwa? Nilikaa barazani kwako siku mbili, nikiandika majina ambayo Mzee Mwinyijuma huyasoma kwenye khitma kila Shaabani. Wengine sikuwa nimewahi hata kuwasikia, na nilikuwa nawaandika kwa mkono wangu. Ndipo nilipojua ninachotaka.

Mwanao,
Raudha


Kisarawe,
28 Juni 2024

Raudha,

Marahaba. Barua nimeipata. Imelowa maji ya mihogo lakini inasomeka. Goti halijapunguza ukorofi, limeongeza.

Machungwa mwaka huu ni mengi. Nakutumia kiroba kimoja, ya juu yamebonyea, uyale kwanza. Mbuzi wa jirani wameingia kwenye kunde zangu mara mbili. Nimemwambia mwenyewe, ananijibu eti mbuzi hawajui mpaka. Nikamwambia wewe je?

Idd hamkuja. Nilipika pilau ya watu wanne, nikaila siku nne.

Kuhusu masomo yako sina la kusema. Baba yako ana akili zake, na nilimpeleka shule mwenyewe.

Lile daftari watu wamelisifu. Mzee Mwinyijuma alisema ni mara ya kwanza kusoma majina bila kuhangaika na miwani. Jina la mama yako umelipamba kwa maua pembeni. Nimeyaona.

La zamani ulilichoma? Nilikwambia ulichome kwa sababu lina aya, lisije likatupwa jalalani.

Mimi,
Shangazi yako


Kibaha,
14 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Machungwa yalifika, na yaliyobonyea ndiyo yaliyokuwa matamu zaidi. Idd tungekuja. Baba alisema tungekuja, halafu akalala mpaka saa nane mchana, sikuwa na moyo wa kumwamsha. Nisamehe kwa ile pilau.

Matokeo yametoka jana. Nimepata daraja la kwanza, na Historia nimepata A. Nilisoma namba yangu kwenye simu nikiwa peke yangu jikoni, nikaangalia huku na huku kama kuna wa kumwambia. Nikamwambia paka wa jirani. Hakushangaa.

Jioni alikuja binamu Sadick, yule aliyepata kazi Kwala. Alikuwa bado amevaa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa. Baba alifurahi kumwona kuliko alivyoyafurahia matokeo.

"Oya, binamu, hongera," Sadick akasema. "Sasa njoo Kwala tukupe kofia ngumu."

Baba akacheka. "Mwambie, huyo anataka kusomea wafu."

"Wafu? Binamu, wafu hawana ajira! Pale kwetu kontena moja tu lina kazi kuliko mababu zako wote."

"Kontena halijui lilikotoka," nikasema.

Wote wawili wakanitazama kama meza ndiyo imeongea. Sadick akasema, "Linajua. Limebandikwa karatasi." Baba akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nilichotaka kusema ni hiki. Mwalimu wetu wa historia, Madam Evaline, alitupa siku moja simulizi mbili za jambo moja, zilizoandikwa na watu wawili waliokuwepo. Hazikufanana. Tukamuuliza nani mwongo. Akasema huenda hayupo, angalieni kila mmoja alikuwa amesimama wapi, na nani hakuulizwa kabisa. Tangu siku hiyo nikisoma kitu chochote natafuta ambaye hakuulizwa. Nahisi kama namfahamu. Labda kwa sababu mimi mwenyewe huwa siulizwi.

Dirisha la maombi ya chuo linafungwa tarehe kumi Agosti. Tafadhali, Shangazi, mwandikie Baba mistari miwili tu.

Kuhusu daftari la zamani, usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Raudha


Kisarawe,
22 Julai 2024

Raudha,

Marahaba, na hongera kwa matokeo. Nilimsomea Twalibu barua yako yote, akasema mwambie huyo Sadick karatasi za kontena zinadanganya kila siku.

Huku hakuna mgonjwa. Bomba lilikatika siku tano, nikachota maji kisimani kama zamani, mgongo ukanikumbusha umri wangu. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Unataka niseme neno kwa baba yako. Mwezi wa Shaabani Mzee Mwinyijuma alifungua daftari lako jipya, akaanza kusoma. Watu wametulia, ubani unafuka. Anasoma jina, tunaitikia. Anasoma jina, tunaitikia. Akafika kwa mama yako, kwenye maua. Mimi nikangoja. Akafunga daftari.

Nikainuka kwenda kupakua. Wali ulikuwa jikoni na watu wana njaa.

Majina uliyoandika ni ishirini na matatu. Mtu aliyeshindwa kunakili daftari la nyumbani kwao anataka kwenda kusomea historia ya nani?

Usiniulize ni jina lipi limebaki. Kama daftari ulilichoma, limeshachomeka.

Shangazi yako


Kibaha,
28 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani. Zipo, lakini haziandikiki.

Sikulichoma. Nilikudanganya kwa kukwambia usiwe na wasiwasi. Desemba nilitoka nalo uani kwako na kiberiti, nikalifungua, nikaona mwandiko wa Babu ulivyolala, nikashindwa. Nikalificha chini ya nguo kwenye begi langu. Liko hapa chumbani, kwenye kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kanga ya mama. Naomba unisamehe. Na nasema kweli, leo nimefurahi kwamba nina dhambi hiyo.

Nimelitoa baada ya kusoma barua yako. Nimehesabu mara tatu. Majina yaliyoandikwa kwa wino ni ishirini na matatu, na yote nimeyanakili. Nikaanza kusoma kila alama. Kwenye ukurasa wa mwisho, pembeni, kuna maneno ya penseli. "Mchele pishi nne. Nazi kumi na mbili. Kudra."

Shangazi, Desemba niliyaona maneno hayo. Penseli yote kwenye lile daftari ni ya mapishi ya khitma, pishi za mchele, bizari, kuni. Nilidhani Kudra ni mtu aliyetumwa nazi.

Leo nimelisogeza dirishani kwenye mwanga. Chini ya Kudra kuna maneno madogo sana ambayo mchwa wameyala nusu. Yanasomeka, "wa Kidawa, siku tisa."

Tangu nizaliwe nimesikia watu wakisema Shangazi Kidawa hakujaliwa mtoto. Wanasema mbele yako. Na mimi nimeshasema hivyo, kwa watu, kama habari ya kawaida. Sikuwahi kukuuliza.

Nililipamba jina la mama yangu nikaliacha la mwanao.

Jioni nilimuuliza Baba. Alikuwa anakula. Aliacha kula. Akatazama televisheni, na ilikuwa matangazo ya sabuni. Kisha akasema, "Alikuwa na nywele nyingi. Nilikuwa na miaka mitano, wakaniweka kwenye mkeka wakanipa nimshike. Nywele zilikuwa zinanitekenya hapa," akagusa chini ya kidevu. "Halafu siku moja wakaniambia nisimtaje, dada atalia. Nikaacha kumtaja." Akanawa mikono akaenda kulala na wali haujaisha.

Sikuombi tena neno lolote kuhusu chuo. Nakuomba msamaha tu. Na kama siku moja utataka kuniambia habari zake, nitaziandika kwa wino.

Raudha


Kibaha,
9 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huenda hujapata barua yangu, huenda umeipata na hutaki kuijibu. Nimeenda soko la Maili Moja Ijumaa mbili, Twalibu sikumwona. Wauza mihogo wananijua sasa. Mmoja alinipa kiti. Barua hii nitamwachia yeye, ameahidi kumpa Twalibu akitokea.

Dirisha linafungwa kesho. Baba amenijazia maombi ya ugavi kwenye kompyuta ya ofisini kwake. Kimebaki kitu kimoja, niingize namba za siri zilizotumwa kwenye simu yangu. Sijaziingiza. Simu nimeizima nikaitumbukiza kwenye ndoo ya unga. Kila nikipita jikoni naitazama ile ndoo.

Natumaini hulii. Kama unalia, natumaini kuna mtu hapo, japo najua hayupo.

Raudha


Kisarawe,
17 Agosti 2024

Raudha mwanangu,

Marahaba mbili, kwa barua mbili. Zote zimefika juzi, siku moja. Gari la Twalibu lilikufa gia karibu wiki tatu, na barua yako ya kwanza ilikuwa ndani yake, kwenye droo, na gari lenyewe kwa fundi. Ameniletea akiwa amebeba na kuku wa kuniomba radhi. Kuku nimemchukua.

Kwa hiyo nami nilikuwa huku nikisema, mtoto nimemsema vibaya, amenuna, hataandika tena. Nilikuwa nikisikia gari lolote natoka nje.

Nilipofika pale pa nywele niliikunja barua nikaiweka chini ya mto. Nikaisoma tena asubuhi. Miaka yote nilidhani baba yako Maulidi hakumbuki. Alikuwa mdogo mno. Nilidhani mtu aliyeziona nywele zile na bado anaishi ni mimi peke yangu.

Basi nitakwambia, ulivyoomba.

Alizaliwa nyumba hii hii, kwenye chumba cha uani. Ilikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Baba yake alikuwa askari. Habari za baba yake usiniulize. Siku ya tatu, ukiihesabu na ile aliyozaliwa, redio ya jirani ilitangaza kwamba Kampala imetekwa. Watu wakatoka njiani wanapiga madebe, wanawake vigelegele. Mimi nimelala na mtoto, sijui kitu, nikadhani wanamshangilia yeye. Mama akaingia akanicheka sana. Siku ya saba tukampa jina, tukamnyoa, lakini si zote, Mama alizionea huruma zile nywele. Siku hiyo Wakristo wa misheni walikuwa wanapita wanaimba, Mama akasema ni Pasaka yao. Siku ya tisa, asubuhi, hakunyonya. Adhuhuri haikufika.

Baba yangu ndiye aliyekuwa anaandika daftari. Nilimwomba amwandike. Akaniambia mtoto wa siku tisa ni malaika, hahitaji kuombewa rehema. Alisema kwa upole. Sikutaka aombewe rehema, Raudha. Nilitaka asomwe. Baba alipofariki, Shaabani iliyofuata nikachukua penseli ya mapishi, ndiyo iliyokuwa mkononi, nikamweka pale kwenye nazi. Nikamwonyesha Mzee Mwinyijuma kwa kidole. Hakuniuliza kitu. Kila mwaka akawa anamsoma wa mwisho. Lakini mzee macho yamekwisha, na akili inafuata, sasa anasoma kilichopo tu. Sikumlaumu. Nilikulaumu wewe, nawe hukujua, kwa sababu sikukwambia. Nilikupa daftari nikaenda jikoni.

Kinachoniumiza ni kitu kimoja. Tarehe siijui. Hakuna aliyeandika, wala zahanati hatukwenda. Watu wana siku ya kukumbuka watu wao, mimi nina "mwaka wa vita". Mama angejua, lakini Mama naye yuko kwenye daftari lako.

Karatasi ya pili humu ndani ni ya baba yako. Nimeibandika kwa ugali. Usiifungue.

Shangazi yako,
Kidawa


Kibaha,
5 Septemba 2024

Mama Kudra,

Shikamoo. Naomba unikubalie kukuita hivyo mara moja hapa juu. Usipopenda nitarudi kwenye Shangazi.

Huku tuko salama. Kikohozi cha Baba kimepona. Tarehe kumi Agosti ilipita na simu yangu ikiwa kwenye unga. Baba hakunisemesha siku tatu, ya nne akaniuliza chumvi iko wapi. Barua yako ilifika Jumamosi akiwa nyumbani. Nilimpa karatasi yake, akaisomea getini amesimama, mgongo kwangu. Akaisoma muda mrefu kuliko urefu wake. Ulichoandika hakuniambia. Aliingia ndani akasema, "Dada yangu amesema." Kisha akasema, "Twende tukakupige picha, ile ya fomu yako umefumba macho." Dirisha la pili limefunguliwa wiki hii. Jana nimejaza, historia chaguo la kwanza, na la pili, na la tatu, vyuo tofauti. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Alisema tu, "Kwala ipo, lakini." Nikamwambia najua ipo. Majibu ya vyuo bado, na sina hakika watanichukua.

Sasa nisome polepole.

Kampala ilitangazwa kutekwa tarehe 11 Aprili 1979. Ilikuwa Jumatano. Tulifundishwa tarehe hiyo, niliiandika kwenye mtihani wa majaribio nikapata alama zangu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku hiyo kulikuwa na mtu yeyote amelala chumba cha uani. Umesema ilikuwa siku ya tatu. Basi Kudra alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Aprili 1979.

Sikuamini haraka, kwa sababu Madam Evaline alitufundisha tusiamini kitu kimoja. Kwa hiyo nikaitafuta Pasaka ya mwaka ule. Nilikwenda hadi parokia iliyo karibu na soko. Nilisimama mlangoni nusu saa nikiogopa kuingia na mtandio wangu. Mama mmoja wa ofisini, Stellamaris, akaniona. "Binti, umepotea?" Nikamwambia natafuta Pasaka. Akacheka, akasema imeshapita, nikamwambia ya mwaka sabini na tisa. Hakucheka tena. Akafungua kabati, akatoa kalenda za zamani, tukatafuta wote wawili. Pasaka ya mwaka 1979 ilikuwa Jumapili, tarehe 15 Aprili. Hesabu kwa vidole kuanzia tarehe 9. Ni siku ya saba.

Zinakubaliana, Shangazi. Redio ya jirani na nyimbo za wapita njia zinakubaliana. Hukusahau kitu. Ulikuwa nayo tarehe miaka yote hii, ila hakuna aliyekuuliza ulisikia nini kupitia dirishani.

Kwa hiyo alifariki Jumanne, tarehe 17 Aprili 1979, kabla ya adhuhuri.

Nilimwambia Baba. Akaniuliza mara mbili, "Jumanne?" Kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Nilitaka kwenda kukaa naye, lakini nikakaa ndani upande wa pili wa mlango.

Humu ndani kuna ukurasa. Nimeuandika kwa wino, mweusi, na nimeuacha ukauke siku nzima. Kudra binti Kidawa, na tarehe zote mbili. Sikuweka maua, nilikuachia nafasi pembeni, uweke wewe unachotaka. Uubandike mwisho, baada ya mama yangu, ili wakae pamoja. Daftari la zamani nitalirudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Ukisema nilichome, nitalichoma mbele yako, lakini naomba usiseme.

Shaabani tutakuja wote wawili. Baba ameshaandika kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu. Mzee Mwinyijuma akishindwa na macho, nimeamua nitasoma mimi. Unajua sauti yangu haifiki hata kwenye geti. Lakini nikimaliza jina la mama yangu hutangoja.

Raudha